Kisa chako madhabahuni: mwongozo kamili wa kuhubiri kwa habari za maisha yako bila kulifunika andiko

Bwana asifiwe watumishi. Nataka tuongee kwa kirefu jambo ambalo karibu kila anayeshika maiki jumapili hapa Dar analifanya ila wachache tumewahi kufundishwa, yaani kusimulia habari za maisha yetu wenyewe katikati ya mahubiri. Kaa ibadani popote, Kimara, Mbagala, Tegeta, utaona mhubiri akiwa ndani ya Warumi nusu ya watu wameinamia simu, akisema tu "juzi nimepanda mwendokasi pale Ubungo" vichwa vyote juu. Hiyo nguvu ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli inahitaji adabu, manake kisa kile kile kinachomfungulia mtu andiko kinaweza kulifunika kabisa, mtu akarudi nyumbani anamjua mchungaji wake vizuri zaidi lakini Yesu anamjua vile vile alivyomjua asubuhi.

Naandika kwa yeyote mwenye zamu ya neno: mchungaji, mwinjilisti wa mtaa, katekista, kiongozi wa jumuiya, kijana aliyepewa dakika ishirini kwenye mkesha wa ijumaa. Nitashika mfano mmoja, Marko 2:1-12, yule mwenye kupooza aliyeshushwa darini, ili tuone kazi inavyofanyika kwa mikono na sio kwa maneno matupu.

Kwanza tuone Biblia yenyewe inasimuliaje

Paulo ndo mwalimu wetu hapa. Habari ya njia ya Dameski anaisimulia mwenyewe mara mbili kwenye Matendo, na ukiziweka pembeni kwa pembeni utajifunza mengi. Sura ya 22 amesimama kwenye ngazi za ngome Yerusalemu, chini kuna umati wa Wayahudi wanaotaka kumuua, basi anaongea lugha yao, anamtaja Gamalieli aliyemfundisha, anamtaja Anania kwamba ni mtu wa dini kwa kuifuata sheria na Wayahudi wote wa pale wanamshuhudia vizuri. Sura ya 26 yuko mbele ya mfalme Agripa, na hapo Anania hatajwi kabisa! Kosa? Hapana. Mambo yaliyotokea ni yale yale, hakuongeza kitu, ila amechagua kipi kisemwe mbele ya nani. Kwa hiyo kupunguza sio kudanganya, kuongeza ndo kudanganya, na hii tofauti ishike maana tutairudia.

Halafu nenda 2 Wakorintho 12. Anataka kusimulia maono makubwa sana na anaanza "namjua mtu", anajiweka pembeni kabisa, na ni jambo la miaka 14 nyuma. Hapo hapo anahamia kwenye mwiba aliopewa mwilini, na mwiba wenyewe ni nini hasemi, mpaka leo wasomi wanabishana. Tunajua alilia kwa Bwana mara tatu, tunajua jibu alilopewa, ugonjwa au shida yenyewe hatuijui na mahubiri hayajapungua chochote. Mtumishi unayedhani ili uwe mkweli lazima umwage kila kitu mbele za watu, soma hiyo sura taratibu.

Na nabii Nathani? Huyu tunamtumia vibaya sana. Mtu ana jambo na mshirika fulani, anapanda madhabahuni anatunga kisa cha "kuna mtu mmoja humu ndani", kila mtu anageuka kutafuta ni nani, akiulizwa anasema hata Nathani alifanya hivyo kwa Daudi. Nathani alimwendea Daudi mwenyewe, akamwambia usoni kile kisa cha kondoo wa maskini na baadaye akamwambia "wewe ndiwe mtu huyo". Hakukusanya Yerusalemu nzima. Kama una jambo na ndugu, Mathayo 18:15 imesema uende ukaongee naye ninyi wawili peke yenu, na baada ya kuongea naye kisa hicho hakifai tena kupanda madhabahuni.

Hatua ya kwanza: andiko liite kisa, kisa kisiite andiko

Ukikumbuka kitu kimoja tu kwenye maandishi haya yote kumbuka hiki. Wengi tunafanya kinyume, jumatano limetutokea jambo zuri, bodaboda amerudisha simu iliyosahaulika, tunasema hili nitalihubiri, kisha tunaanza kufungua Biblia kutafuta mstari wa kulivalisha. Hapo andiko limekuwa nguo tu, mahubiri yameshaamuliwa na bodaboda.

Walutheri na Wakatoliki mna afadhali kidogo, masomo mnapangiwa na kalenda, Wakatoliki mna mzunguko wa miaka mitatu A, B na C kwa jumapili, kwa hiyo andiko linakufikia kabla ya kisa upende usipende. Sisi wa makanisa ya kiroho tunaochagua wenyewe tunatakiwa kujibana zaidi.

Fanya hivi. Jumatatu au jumanne soma fungu lako mara kadhaa kwa sauti, bila kitabu kingine. Chukua karatasi andika sentensi moja: fungu hili linasema nini. Kwa Marko 2 mimi ningeandika, "Yesu ana mamlaka ya kusamehe dhambi hapa duniani, na anaithibitisha kwa kumsimamisha aliyepooza". Sio "tusaidiane wagonjwa", hapana, angalia mstari wa 10, Mwana wa Adamu ana amri duniani ya kusamehe dhambi, hapo ndo moyo wa fungu ulipo.

Baada ya hapo jiulize msikilizaji wangu atakwama wapi. Kuna kukwama kwa kutokuelewa (dari la Kapernaumu lilikuwaje mpaka mtu analitoboa?), kuna kukwama kwa kutokuamini, na kuna kukwama kwa kuelewa na kuamini lakini kutenda hakuwezekani. Kisa chako kazi yake ni pale penye kukwama tu. Kama hakuna penye kukwama usiweke kisa, endelea kusoma mstari unaofuata, watu watakuwa sawa kabisa.

Hatua ya pili: daftari

Huwezi kukumbuka visa jumamosi usiku ukiwa na joto na umeme umekatika. Kuwa na daftari au noti kwenye simu, na jambo likitokea liandike siku hiyo hiyo, mistari mitano sita tu. Nani alikuwepo, wapi, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, harufu au sauti au kitu ulichokiona kwa jicho. Maneno halisi ndo yanayopotea haraka kuliko vyote, baada ya wiki moja unakumbuka maana lakini sio alivyosema, na kisa kinaishi kwenye alivyosema. Ukiwa kwenye daladala jirekodi sauti ya sekunde thelathini, utaandika ukifika.

Pembeni ya kila kisa weka mambo mawili: kisa hiki ni cha nani, na nimekisimulia wapi. La pili linakuokoa na aibu ya kurudia kisa kile kile ibada ya kwanza, semina ya wanawake na kwenye msiba ambapo nusu ya watu ni wale wale.

Hatua ya tatu: kisa ni cha nani

Hapa nitakaa kwa sababu hapa ndo watu wanaumizwa.

Kisa kilichokutokea wewe karibu kila mara kina mtu mwingine ndani. Mke wako, mtoto, mama mkwe, jirani, mshirika aliyekuja ofisini kwako analia. Wewe una haki ya sehemu yako, ya kwake huna mpaka akupe.

Tuanze na yale ambayo hayana hata mjadala. Alichokwambia mtu kwenye ushauri wa kichungaji hakipandi madhabahuni, hata ukibadilisha jina, hata ikipita miaka. Kwa padre siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote, Sheria ya Kanisa ya 1983 kanuni ya 983 imeliweka wazi, na sisi wengine tusio na sakramenti hiyo tusidhani tuna uhuru zaidi, mtu aliyekuamini amekuamini. Siku washirika wakisikia kisa cha ofisini kwako kwenye mahubiri, hata kama hawajui ni nani, kila mmoja anajiambia kimoyomoyo "basi na changu kitasemwa" na hutaona mtu tena.

Kubadilisha jina hakutoshi, hasa mitaa yetu hii. Ukisema "kuna dada mmoja, jina nalihifadhi, anauza vitumbua pale stendi, mume wake alimkimbia" kanisa zima limeshamjua kabla hujamaliza sentensi. Ukitaka kweli kumficha mtu itabidi ubadilishe kazi yake, mtaa, idadi ya watoto, wakati, na ukishabadilisha hivyo lazima useme wazi kwamba umebadilisha vitu ili kumlinda. Njia rahisi ni kumuomba.

Namna ya kuomba. Usimuombe kwenye gari mkiwa njiani kwenda ibadani, hawezi kukataa. Usimuombe mbele ya watu. Mwambie siku kadhaa kabla, msimulie kisa kama utakavyokisimulia, neno kwa neno, sio "naweza kutaja ile ishu yetu?" kwa sababu "ishu yetu" yeye anaweza kudhani ni kipande kidogo. Mwambie na mahali, "itakuwa ibada ya pili na inarushwa laivu". Akisita, hiyo ni hapana. Akisema "ah we sema tu baba mchungaji" huku anaangalia chini, hiyo pia ni hapana.

Mke au mume wa mtumishi naye ni mshirika mwenye heshima yake. Mama mchungaji anakaa kiti cha mbele kila jumapili, ukisimulia mlivyogombana kuhusu hela ya matumizi yeye ndo anaangaliwa na kanisa zima mpaka baraka ya mwisho, na akitoka nje mabibi wanamshika mkono wanamwambia pole. Na watoto jamani. Mtoto wa miaka minne hajali, ila klipu haifutiki, akifika kidato cha pili wenzake watamtumia kwenye grupu baba yake akisimulia alivyokuwa anakojoa kitandani. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aombwe kama mtu mzima, na akikataa usimbembeleze wala usimwambie "ni kwa ajili ya kazi ya Mungu".

Suala la laivu lina uzito wake. Zamani kisa kilibaki ndani ya kuta, saivi mahubiri yako YouTube kabla watu hawajafika nyumbani na vipande viko status za WhatsApp mpaka Iringa kwa ndugu zake huyo uliyemsema. Nchi yetu pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa ambazo sheria inaziita nyeti. Kwa hiyo ushuhuda wa "dada yetu aliyekuwa na ugonjwa fulani", ukautaja na ugonjwa, ukamtaja na yeye, bila ridhaa yake, huo uwekeni mbali. Anayetaka kushuhudia uponyaji wake ashuhudie mwenyewe kwa kinywa chake, na aulizwe kabla kama anataka kurushwa.

Hatua ya nne: kukata

Sasa twende kwenye mfano. Kisa nilichonacho kwa ajili ya Marko 2 ni cha usiku mmoja mtaani kwetu. Mama mmoja jirani alizidiwa, na alinikubalia kukisimulia kwa sharti moja, ugonjwa usitajwe, kwa hiyo hata hapa siutaji.

Kikiwa kibichi kinakwenda hivi: "Siku hiyo nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, foleni ya Mandela mnaijua, nikafika nikakuta umeme hakuna, mama watoto ameshapika, tukala, tukasali, nikasema ngoja nilale mapema kesho nina kikao, mara nasikia hodi, nani, ni kijana wa jirani, nikasema leo kuna nini, nikavaa shati, nikatafuta tochi sikuiona..." Dakika tatu zimekwenda na mgonjwa bado hajaonekana. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lenye kazi kwenye Marko 2.

Ukataji unafanywa na lile jibu lako la wapi msikilizaji atakwama. Kwangu nimeona watu wa Dar watakwama kwenye mstari wa 4, kutoboa dari ya nyumba ya mtu! Tunaisoma haraka haraka na hatuisikii tena gharama yake. Basi chochote kisichohusu gharama ya njia kinatoka. Kilichobaki ni hiki:

"Mtaani kwetu kuna uchochoro ambao bodaboda anapita kwa kukunja vioo. Usiku mmoja wa mvua mama jirani alizidiwa, bajaji imeshindwa kuingia, iko barabarani. Vijana wanne wa pale kijiweni wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, kila mmoja mguu mmoja wa kiti. Tumefika katikati, maji yamejaa, mfereji haujulikani uko wapi. Hakuna njia. Mmoja akagonga dirisha la nyumba ya pembeni. Baba mwenye nyumba akatoka, akaangalia kiti, hakuuliza swali, akafungua mlango wa nyuma. Wakapita sebuleni kwake. Watoto wamelala chini kwenye mkeka, mke wake anawavuta pembeni mmoja mmoja, na wale vijana wanapita na matope mpaka magotini juu ya zulia. Wakatokea mlango wa mbele, barabarani, kwenye bajaji. Asubuhi nilipita pale, yule mama mwenye nyumba alikuwa nje anasugua zulia. Sasa rudi na mimi mstari wa nne."

Isome kwa sauti na saa mkononi, haizidi dakika mbili ukiongea kwa mwendo wa madhabahuni. Kwa mahubiri ya nusu saa kisa kimoja cha urefu huo kinatosha, kingine kikiwepo kiwe cha sentensi mbili tatu.

Angalia mambo machache humo. Mimi nilikuwepo nimeshika simu inamulika, lakini simu imetoka kwenye kisa kwa sababu haina kazi, mhubiri amebaki shahidi tu aliyepita asubuhi. Kina maji, kina mkeka, kina zulia, vitu ambavyo jicho linaviona, lakini hakuna hata neno moja la kumsifia mtu, sijasema "walikuwa vijana wenye upendo wa ajabu". Msikilizaji ataona mwenyewe. Na kinaishia kwenye zulia kwa sababu pale Kapernaumu pia kuna mtu alibaki na dari lake limetobolewa, Marko hasemi nani alilitengeneza, na ukisimama hapo kanisa linaanza kufikiri bila kusukumwa.

Hatua ya tano: kutoka kwenye kisa

Hapa ndo mahubiri mengi yanafia. Kisa kimeingia vizuri, watu wamenyamaza, mhubiri anafurahia ule ukimya anaanza kukieleza tena, anaongeza maadili, "kwa hiyo wapendwa tunajifunza mambo saba", andiko limeshasahaulika. Sentensi ya kuingilia na sentensi ya kutokea ziandike neno kwa neno, katikati unaweza kwenda kwa pointi. Ya kutokea lazima iwe na mguu ndani ya mstari, kama hiyo "sasa rudi na mimi mstari wa nne".

Kwenye mfano wetu kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Kisa cha kiti ni kitamu, na kinagusa mstari wa 3 na 4 tu. Ukikiweka mwisho wa mahubiri, kanisa litatoka likisema neno la leo ni tusaidiane kubeba wagonjwa, na hilo ni jema, lakini mstari wa 5 Yesu anaiona imani yao halafu anamwambia yule mgonjwa kwamba amesamehewa dhambi zake, kitu ambacho hakuna aliyembeba alikiomba! Waandishi wanaanza kuhoji mioyoni mwao hapo, fungu lote linageuka hapo. Kwa hiyo kisa cha kiti ningekiweka mapema, dakika ya tano hivi, na nikifika mstari wa 5 sisimulii chochote cha kwangu, nasoma taratibu naacha andiko lenyewe liwashtue. Wale vijana walimfikisha mama kwenye bajaji, msamaha hawakuwa nao wa kumpa, na hapo mfano wangu umeisha uwezo wake na nitasema hivyo wazi mbele ya watu. Ni afya kwa kanisa kusikia mhubiri akisema "kisa changu kinaishia hapa, Yesu anaendelea".

Hatua ya sita: wewe ni nani ndani ya visa vyako

Chukua mahubiri yako ya miezi michache iliyopita, usikilize visa tu. Wewe ni nani? Kama kila mara ndo uliyeomba ikatokea, uliyetoa wa mwisho, uliyemshauri mtu akapona, basi bila kukusudia umelijenga sanamu dogo na kanisa limeanza kulitazama. Paulo anasema "hatujihubiri wenyewe". Ukisoma Luka 18 yule Farisayo alikuwa anasimulia mambo ya kweli, alifunga kweli, alitoa zaka kweli.

Dawa yake sio kujidhalilisha kila jumapili, hilo nalo ni kujihubiri kwa mlango mwingine, watu wanaanza kukuhurumia na kukutia moyo badala ya kusikia neno. Tafuta visa ambavyo wewe ni mpita njia tu, shujaa ni konda, mama ntilie, mtoto wa sunday school.

Kwenye mambo mazito ya moyo, kufiwa, ndoa kuyumba, imani kutikisika, kigezo changu ni kimoja: kama ukilisimulia peke yako chumbani bado linakuvunja, bado ni la kuongea na mchungaji mwenzako au rafiki, sio la madhabahuni. Kanisa halina uwezo wa kukubeba wakati wewe umesimama kulibeba.

Na visa vya mafanikio. Mtumishi, mbele yako kuna mtu anadaiwa kodi ya miezi sita na kuna mama amekopa kausha damu anawakimbia wadai, wewe unasimulia Mungu alivyokupa gari ya pili na safari ya Dubai. Shukrani yako ni ya kweli, lakini kile anachosikia yeye ni kwamba Mungu anakupenda wewe. Ishuhudie nyumbani na wenzako wanaojua ulikotoka.

Hatua ya saba: ukweli

Fupi. Usiongeze. Mgonjwa alilazwa siku mbili usiseme wiki mbili. Aliyezimia hakufa. Kisa ulichokiona kwenye mtandao cha mhubiri wa nchi nyingine usikilete kama chako, sema "nilimsikia mtumishi mmoja akisimulia", hakuna aibu hapo. Kumbuka waliokuwepo siku hiyo wanaweza kuwa wamekaa kiti cha tatu. Na kama jambo halikuisha vizuri, mgonjwa aliombewa akafariki, usilikate kabla ya mwisho ili lionekane la ushindi, ama usimulie lote ama uchague jingine. Mimi naona visa visivyoisha vizuri vina kazi kubwa sana kwenye kanisa, waliozika wanakaa ibadani kila jumapili na ni mara chache wanasikia habari inayofanana na yao, ila lazima uwe na andiko la kusimamia hapo, Zaburi za maombolezo zimejaa.

Hatua ya nane: kusimulia kwenyewe

Usitangaze "nitawapa kisa kimoja", ingia tu. Anza na mahali na mtu. Maneno waliyosema watu yaseme kama walivyosema, hata kama ni ya mtaani, bila matusi. Punguza mwendo pale palipo na uzito, na usipandishe sauti ya spika wakati huo, kisa kinasikika vizuri kwa sauti ya mazungumzo. Mvua ikianza kupiga mabati subiri au kiache, kisa kinachopigiwa kelele kinakufa.

Kama ibada yako ina mkalimani wa Kiingereza, mpe kisa kabla ya ibada. Vunja sentensi ziwe fupi, moja kwako moja kwake, na maneno kama "kijiweni" au "kausha damu" mkubaliane mapema atayasemaje, vinginevyo atasimama kufikiri na kile kimya ulichokipanga kitakuja mahali pasipo pake.

Fanyia mazoezi mbele ya mtu mmoja ambaye hakuwepo kwenye tukio. Ukimaliza muulize swali moja tu: andiko lilisema nini? Akikujibu kwa kisa badala ya andiko, rudi hatua ya tano.

Baada ya ibada

Jumatano au alhamisi waulize watu wawili watatu, tofauti tofauti, bibi mmoja na kijana mmoja, jumapili tulisikia nini. Wakisema "ile habari ya kiti" waache waendelee. Wakifika kwenye msamaha wa dhambi, kisa kimefanya kazi. Wakiishia kwenye kiti, kisa kilikuwa kikubwa kuliko mahubiri na next time kipunguzwe au kihame.

Jambo la mwisho ambalo wahubiri hatujiandai nalo kabisa. Ukisimulia kisa cha kweli kuhusu maisha, watu watakuja na vya kwao. Utakuwa mlangoni unashika mikono, foleni ndefu, na kuna mtu atakushika mkono asiuachie aseme "mchungaji hata mimi nyumbani kwangu..." kisha machozi. Usimsikilize pale pale mbele ya foleni, na usimwambie "tutaongea" ukaondoka. Panga kabla, mzee mmoja na mama mmoja wa kanisa wanaojua kukaa kimya wawe karibu, kuwe na chumba au hata viti viwili nyuma chini ya mwembe, na wewe mwambie siku na saa kabisa, "jumanne saa kumi, nitakuwepo". Kama ni jambo la kupigwa au la mtoto kuumizwa hilo halisubiri jumanne, mnakwenda naye siku hiyo hiyo dawati la jinsia na watoto la polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Na alichokwambia usikiandike kwenye lile daftari la visa.